Kibodi ya Nyuma ya Ukuta

Ijumaa, 9 Januari

Dada,

Shikamoo. Huku tunapumua. Mama ndiye amesema niandike hivyo hivyo, "tunapumua", maana nikiandika kwamba hatujambo utadhani kuna kitu tunakuficha. Mguu umepungua kuvimba. Usingizi anapata. Kula anakula, ila kwa kuchagua, kama mgeni aliyekuja na haya zake. Wewe je? Ule mgongo uliokuwa ukiulalamikia umepoa, au bado unashona umejikunja?

Anakusalimu sana. Amekaa hapa kando yangu anakagua ninachoandika, ingawa macho yake yenyewe hayafiki mwisho wa mstari. Sweta ulilomtumia linambana mabega lakini analivaa kila siku, asije akaonekana mtu asiye na shukrani. Anasema barua zisikome.

Mimi kazini nimekuwa mtu mashuhuri. Unajua dirisha la dawa pale hospitali lilikuwa na kompyuta mbili, moja ya Bi Miwani anayetoa dawa, moja ya Babu Stoo aliyeko chumba cha nyuma. Ya Babu Stoo ilikufa kabla ya mwaka mpya, mimi fundi wao wa kompyuta nikaomba nyingine, nikaambiwa nisubiri. Basi ikawa kila akitaka kuingiza maboksi yake anatoka stoo, anazunguka, anamsimamia Bi Miwani mgongoni mpaka wanakosana mbele ya wagonjwa. Nikachoka kuwaamua. Nikatoboa ukuta, tundu la kidole tu, nikapitisha waya, nikampa Babu kibodi yake na kipanya chake na skrini inayoonyesha kilekile anachokiona Bi Miwani. Kompyuta moja, kibodi mbili, vipanya viwili. Watu wanadhani nimefanya maajabu, kumbe wala. Kompyuta haijui vidole ni vya nani. Iunganishie kibodi tatu, iunganishie kumi, kwake yote ni mkono mmoja. Herufi zinapanga foleni kadiri zinavyofika, zinaingia pale penye kimstari kinachopepesa, basi.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Bi Miwani anaandika jina la mgonjwa huku Babu anaandika pamba, ikatoka lebo ya mtu ambaye nusu yake ni pamba. Bi Miwani alicheka mpaka akaivua hiyo miwani afute machozi. Nikawawekea sheria. Kabla hujagusa kibodi, gonga ukuta mara moja. Ukimaliza, gonga mara mbili. Ukisikia mwenzako kagonga, mikono juu. Tangu hapo mambo ni safi, ila mtu akipita nje anadhani tunajenga. Mganga mkuu sijamwambia. Atataka maombi yenye mihuri mitatu.

Mama ana miadi ya moyo tarehe tano mwezi ujao. Daktari anafikiria kumbadilishia dawa.

Mdogo wako


Jumanne, 20 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo upo, haujaenda popote, tumezoeana. Baridi imezidi lakini ndani ya kiwanda hatuisikii, mashine zinatupasha.

Wamenihamisha kutoka kwenye mifuko. Sasa nashona mikono ya mashati, na si mikono yote, ya kushoto tu. Ya kulia anayo mwenzangu wa meza ya pili. Mwezi mzima sijaona shati lililokamilika. Mtu akiniuliza kazi yangu nitamwambia mimi ni fundi wa mikono ya kushoto, aondoke akafikirie.

Hiyo ya pamba nimeisimulia hapa kwenye chai, wamecheka. Wewe tangu mdogo hujui kuacha kitu kama kilivyo. Ulimfungia Mama redio na taa kwenye swichi moja, akawa hawezi kusikiliza habari gizani. Sasa umehamia kuwafunga watu wazima kamba moja. Haya, ilimradi hawapigani.

Mama asiende kliniki kama mtu asiye na watoto. Najua unafanya kazi hapo hapo, lakini kuwa jengo moja naye si sawa na kukaa naye kwenye benchi. Mwambie nampenda, na sweta alipeleke kwa fundi likafumuliwe kwapani.

Dada yako


Jumatatu, 2 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika. Natumai leo umekula kitu cha moto. Kiafya sina la kulalamika. Nakula, nalala, naamka, nakwenda kazini. Wenzangu wamenipa pole, msimamizi naye amenipa pole kisha akanionyesha meza yangu. Tangu tumzike Mama sijalia. Juzi niliingia bafuni nikakaa makusudi nikisubiri machozi, hayakuja, nikanawa uso nikatoka.

Kuna jambo. Siku ya kuondoka nilichukua mkoba mweusi wa Mama, nikakwambia nataka kumbukumbu. Nimeufungua Jumamosi. Ndani mna kitana, leso, na bahasha ya dawa ya Alhamisi ile ya tarehe tano Februari. Lebo imeandikwa vidonge 10, mara moja kwa siku, baada ya chakula cha jioni. Karatasi ya daktari nayo imo humo humo imekunjwa. Imeandikwa kidonge 1.

Nimevihesabu. Alipewa thelathini, vimebaki kumi. Alimeza kumi Alhamisi, akameza kumi Ijumaa, Jumamosi ukamkimbiza hospitali, Jumapili akafa. Sisi tukakaa msibani tunaambiwa moyo ulikuwa umechoka, na tunaitikia.

Nimemwonyesha nesi mmoja tunayekaa naye jengo moja. Aliishika bahasha akaisoma mara mbili. Akasema kwa dawa hii, hata mwenye moyo mzima asingevuka.

Nimepiga picha bahasha na karatasi, nimeandikia hospitali, nimeandikia na bodi inayosimamia watoa dawa. Nataka aliyeandika hiyo sifuri asikae tena mbele ya dirisha lolote mpaka anaingia kaburini. Mtu anaitwa Miwani, na sifuri hakuiona. Wewe uko hapo hapo. Nataka uwe macho yangu.

Dada yako


Jumamosi, 14 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Nyumba naifagia. Nguo za Mama sijazigusa, na mlango wa chumba chake nimeuegesha tu.

Bodi walikuja Jumatatu, watu watatu. Walimhoji Bi Miwani saa mbili nzima. Kwenye kumbukumbu za kompyuta kuna jina moja, lake, kwa sababu ndiye aliyeingia asubuhi kwa nenosiri lake. Lebo ya Mama ilitoka saa nne na dakika arobaini na mbili. Hapo hapana ubishi.

Kisha wakaniita mimi kama fundi wa kompyuta. Wakaniuliza kama kompyuta inaweza kuandika sifuri yenyewe bila mtu kubonyeza kitufe. Nikawajibu haiwezi. Wakaandika. Wakanishukuru, na mmoja wao alipojua mimi ni nani akasimama kunipa pole.

Bi Miwani amesimamishwa kazi. Kikao cha mwisho ni Jumatano, tarehe 22 Aprili. Wakimkuta na hatia anapoteza cheti na faili linakwenda mahakamani.

Sijui kama ulimtambua. Ni yule mama mwenye aproni ya buluu aliyeosha vyombo siku zote tatu za msiba. Wewe ulimwomba maji ukamwita shangazi.

Mdogo wako


Ijumaa, 27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ipo. Usingizi ndio umekuwa wa vipande vipande, lakini mashine haziulizi.

Kwamba ndiye aliyenipa maji msibani sikujua, na sitaki kujua. Ungeniambia alimwosha Mama kwa mikono yake bado ningetaka cheti chake.

Bodi wameniletea nakala ya ripoti. Nimeisoma wakati wa chakula. Huyo mwanamke amejitetea kwamba yeye aliandika moja, na kwamba nyuma ya ukuta kulikuwa na kibodi ya pili iliyounganishwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, na siku ile hakusikia mtu akigonga. Wao wakaenda kutazama stoo. Hawakuona kibodi, hawakuona waya, hawakuona tundu. Babu Stoo, ambaye wiki ile alikuwa likizo, akaapa kwamba hajawahi kuona kibodi yoyote stoo, yeye anatumia daftari. Wameandika kwamba mtuhumiwa anatunga hadithi.

Nilianza kucheka kwa hasira. Katikati ya kicheko nikakumbuka kwamba hadithi hiyo niliisikia kabla yake. Wewe ndiye uliyenisimulia. Tundu la kidole, kugonga mara moja, kugonga mara mbili, mtu nusu pamba.

Sasa hiyo kibodi iko wapi? Babu Stoo anaogopa kwa kuwa iliwekwa bila kibali, hilo naliona. Wewe unaogopa nini? Kama ilikuwepo na waliiacha hivi hivi, hiyo ni hatia nyingine juu yao. Waambie bodi ukweli, uwaongezee.

Dada yako


Jumatatu, 6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Huku salama. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja nimelibadilisha mpira. Jirani wa mbele ameuza gari lake. Mvua zimeanza, bado hazijashika.

Kuhusu kibodi, iliondolewa. Mambo ya kazini ni marefu, yatakuchosha bure. Pumzisha kichwa.

Fundi amelifumua lile sweta kwapani, kumbe Mama alikuwa amelipeleka. Alinisimamisha njiani akanikabidhi. Sasa lingemtosha.

Mdogo wako


Jumamosi, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali leo.

Unaniambia iliondolewa. Nani aliiondoa? Siku gani?

Barua yako ya tarehe tisa Januari ninayo. Nimeisoma mara nne. Naweza kuituma kwa bodi kesho asubuhi wakaisome wao. Lakini wewe ni mtoto wa mama yangu, nimekubeba mgongoni, nimekufundisha kufunga viatu. Niambie wewe kwanza.

Dada yako


Jumatano, 15 Aprili

Dada,

Salamu naziacha. Nitakueleza kwa mpangilio, kama ninavyojaza daftari langu la kazi, maana namna nyingine sina.

Alhamisi ile tarehe tano Februari nilikwenda stoo saa nne na nusu. Babu Stoo alikuwa likizo, na kabla ya kuondoka alinilalamikia kwamba kitufe cha sifuri cha kibodi yake kinanata. Alikuwa amekimwagia soda. Nikasema atakaporudi akikute kizima. Nilikaa kwenye kiti chake. Skrini yake sikuiwasha, nilisema ya nini, nasafisha kitufe kimoja tu. Nikakitoa, nikafuta chini yake kwa pamba na spiriti, nikakirudisha. Kisha nikakijaribu. Nilibonyeza mara ya kwanza, kikakwama katikati kabla ya kugusa chini. Nikakiinua kwa ukucha, nikabonyeza mara ya pili, kikarudi juu vizuri, kwa ule mlio wake. Nikaridhika.

Sikugonga ukuta. Sheria ni yangu mwenyewe na sikugonga. Nilisahau kwamba kompyuta ile ni ya watu wawili, au sikusahau, niliona tu kwamba mimi siandiki, mimi natengeneza. Ndivyo tunavyojiona sisi mafundi. Sheria ni za watumiaji.

Wakati nakibonyeza nilikuwa namsikia Mama. Alikuwa dirishani, upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia akimuuliza Bi Miwani habari za wajukuu, na Bi Miwani akijibu huku anaandika. Nikasema moyoni nikimaliza nitoke nimsalimie. Nikasikia printa ikitoa lebo. Lebo za asubuhi zinatoka nyingi kwa mpigo, anabandua anabandika, foleni iko mpaka mlangoni. Nilipotoka nje Mama alikuwa ameshakwenda zake.

Ulinionya nikae naye kwenye benchi. Nilikuwa mita moja kutoka alipo.

Jioni alikula, akamimina vidonge kiganjani. Mimi ndiye niliyemletea maji. Niliona ni vingi, lakini niliona tu kama unavyoona vyombo mezani. Nilikuwa natazama mpira. Ijumaa nilirudi ameshalala.

Lebo niliisoma Jumapili, baada ya nesi kunikabidhi mkoba. Nilisoma 10, nikatazama saa iliyochapwa chini yake, nikafungua daftari langu la kazi. Limeandikwa kwa mwandiko wangu: saa nne na nusu, kibodi ya stoo, kitufe cha sifuri, kimesafishwa, kinafanya kazi. Nikairudisha bahasha ndani ya mkoba. Kuitupa nilishindwa, kuionyesha nilishindwa.

Jumatano baada ya mazishi, wewe ukiwa umelala kitandani kwa Mama, nilikwenda kazini mapema. Nikang'oa kibodi, nikakunja waya, nikaziba tundu kwa saruji, nikapaka na rangi. Ilikaa vizuri. Mimi nikiziba kitu huwezi kujua palikuwa na kitu. Bi Miwani hakuniona, alikuwa bado kwetu anaosha vyombo.

Bodi waliponiuliza kama kompyuta inaweza kuandika sifuri yenyewe, niliwajibu kweli tupu.

Hiyo sifuri unayoitafutia mwenyewe, mwenyewe ni mimi. Moja ni ya Bi Miwani, sifuri ni yangu. Kompyuta ilizipokea zote mbili ikaona ni mkono mmoja. Hakuna mtu duniani anayeweza kuzitenganisha isipokuwa mimi.

Unaweza kuituma hii pia. Tangu Februari kifua changu kiko kama mkono uliolaliwa. Najua ni wangu, ila siusikii.

Mdogo wako


Jumamosi, 25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijapata neno lako. Nakuandikia hivyo hivyo, usije ukayapata kwa watu wengine.

Kikao kilikuwa Jumatano, chumba kile kile cha mikutano, wajumbe watano, na maji ya chupa ambayo hakuna aliyeyagusa. Bi Miwani alikaa mwisho wa meza na bintiye. Amekonda. Miwani imekuwa kubwa usoni.

Niliomba kusema kabla hawajaanza. Nikaweka mezani daftari la kazi na kibodi yenyewe, nilikuwa nimeificha kabatini kwangu. Nikawaeleza kama nilivyokueleza. Mwenyekiti akaona nimechanganyikiwa kwa msiba, akasema kwa upole kwamba mtoto anaweza kujitwika lawama. Nikawaomba twende. Tulikwenda wote, nikachukua nyundo nikalifungua tundu mbele yao, nikapitisha waya, nikaiunganisha. Nikamwomba mwenyekiti akae kwa Bi Miwani aandike moja. Mimi nikaenda stoo nikabonyeza sifuri. Nilisikia kupitia tundu mwenyekiti akisoma: kumi.

Babu Stoo alisimama kwenye korido analia. Akakiri kwamba kibodi ilikuwepo.

Bi Miwani anarudi kazini mwezi ujao. Wamempa onyo la maandishi kwa kubandika lebo bila kuisoma, ameweka sahihi. Mimi nimekabidhi funguo. Faili langu limekwenda polisi, natakiwa kuripoti kila Jumatatu, na nisitoke nje ya mji. Kesi haijapangiwa tarehe. Nakwenda, naweka sahihi, narudi. Chakula analeta jirani.

Baada ya kikao nilikaa kwenye benchi la nje, lile la wagonjwa. Bi Miwani alipita na bintiye. Alinipita hatua kadhaa, kisha akarudi peke yake akasimama mbele yangu. Nikafikiri atanipiga, nami nilikuwa tayari.

"Ungegonga tu," akasema.

Halafu bintiye akaja akamshika mkono wakaenda kupanda gari.

Mdogo wako


Jumamosi, 30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumai umeamka na nguvu. Natumai unakula chakula cha jirani chote, si kukichezea na kurudisha sahani. Mimi afya ipo.

Barua zako mbili zimefika. Ya tarehe kumi na tano niliisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Ya pili niliiacha siku sita bila kuifungua. Bodi nao wameniandikia. Sikukujibu, na wewe umechukulia kwamba nimekukata. Najua, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kuchukulia hivyo. Si hivyo. Kila nikikaa kukuandikia nilikuwa nafika mahali fulani nachana karatasi. Leo sichani.

Kwanza, nimemwandikia Bi Miwani. Nimemwomba radhi kwa yote niliyomwita kwenye yale malalamiko. Hajajibu, na halazimiki. Pili, kesi yako ikipangiwa tarehe niambie siku ile ile. Nimeshamwambia msimamizi nitaondoka, anirudishe asinirudishe. Nitakaa upande wako, na wakiniuliza nitasema ninalolijua. Ninalijua hili, ambalo sijamwambia mtu.

Ijumaa ile, tarehe sita Februari, Mama alinipigia simu. Ilikuwa mapumziko ya mchana. Simu zetu zinakaa kabatini, tunapewa kwa dakika ishirini, na mimi nilikuwa nimebakiwa na dakika nne na chakula mdomoni. Alikuwa na sauti ya uchovu. Akasema dawa mpya imemzungusha kichwa, ametapika asubuhi, anaona kila kitu kina rangi ya njano. Akasema hataki kukusumbua wewe kazini. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi kumi si vingi?"

Nilimsikia vizuri. Laini haikukatika. Alisema kumi.

Nikamwambia, "Mama, kama wameandika kumi, meza kumi. Wao ndio wanaojua. Usianze ubishi wako."

Akacheka kidogo. Akasema haya, nimekusikia. Akaanza kuniuliza kuhusu mgongo wangu, kengele ikalia, nikamwambia nitampigia Jumapili.

Nilipouona mkoba kule nyumbani niliuchukua kwa sababu nilijua nitakachokikuta. Nilipoisoma lebo sikushtuka. Nilianza kumtafuta wa kumbebesha, na Bi Miwani alikuwa karibu. Ningekubebesha wewe ulipojitokeza. Siku mbili tatu nilikubebesha, nikalala usingizi mzuri, nakuambia ukweli. Kisha nikaamka nikaona kwamba ulibonyeza bila kujua, naye Bi Miwani alibandika bila kujua, na mimi niliulizwa.

Sikuombi uniambie si kosa langu. Mimi sitakuambia si kosa lako. Tutakuwa wawili tu wenye kulijua hili mpaka siku ya mahakama, halafu watalijua wote.

Siku ile baada ya kengele nilirudi mezani. Nilishona mikono ya kushoto mia moja na kumi na nne kabla ya kutoka. Msimamizi alisimama akasema sijawahi kufanya kazi nzuri hivyo, na mimi nikafurahi.

Dada yako